Sasa na Zamani za John Mbiti: Uhakiki kutoka Shamba la Kibwezi

1. Utangulizi

Shauri la kwamba binadamu ajifunze kuishi katika wakati alio nao ni shauri la kale, na katika miongo ya karibuni limepata nguvu mpya. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo yenye asili katika mapokeo ya Kibudha. Mafunzo hayo humtaka mgonjwa aielekeze fikira yake kwenye pumzi na tendo la wakati huo, asichukuliwe na majuto ya jana wala hofu ya kesho. Tangu hapo shauri hilo limetoka hospitalini na kuingia madarasani, maofisini na majumbani.

Katika mjadala huu Mwafrika amewekwa mahali pa ajabu. Miaka kumi kabla ya mafunzo hayo kuanza, yaani mwaka 1969, John S. Mbiti alichapisha kitabu chake maarufu, *African Religions and Philosophy*, ambamo alieleza kuwa Mwafrika wa mapokeo huishi katika wakati wa sasa na wakati uliopita, na kwamba wakati ujao, kwake yeye, karibu haupo. Hivyo jambo linaloagizwa kwingine kama dawa lilitajwa huku kuwa ndiyo tabia ya watu. Na baadhi ya waliolipokea walilifanya ugonjwa, wakisema kwamba asiye na wakati ujao hawezi kupanga maisha yake.

Makala haya yanakusudia kuihakiki hoja ya Mbiti kwa kuangalia mambo mawili: lugha aliyoitumia kama ushahidi, yaani Kikamba, na lugha aliyoiazima majina, yaani Kiswahili. Kibwezi imechaguliwa kuwa mahali pa kuipimia hoja hiyo. Mji huo uko kusini mwa Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu na reli zitokazo Mombasa kwenda Nairobi. Wenyeji wake wengi ni Wakamba, na ardhi yake ni kavu kiasi kwamba suala la sasa na kesho hapo ni suala la chakula. Rai inayotetewa ni kwamba Mbiti aliona kweli upana wa sasa, lakini aliutafuta wakati ujao mahali pasipostahili. Aliutafuta katika orodha ya njeo za wakati ujao, ilhali katika lugha hizi sehemu kubwa ya wakati ujao imehifadhiwa ndani ya sasa yenyewe.

2. Hoja ya Mbiti

Mbiti alizaliwa mwaka 1931 huko Mulango, Kitui. Alisoma Makerere, kisha Marekani, na mwaka 1963 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge kwa utafiti uliolinganisha mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mambo ya mwisho na fikira za Wakamba. Alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, na baadaye akaishi Uswisi hadi alipofariki mwaka 2019. Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba nadharia yake ya wakati haikuzaliwa katika isimu. Ilizaliwa katika swali la kitheolojia: Je, watu ambao lugha yao haina neno la wakati wa mbali ujao wataelewaje ahadi ya kurudi kwa Kristo?

Ili kujibu swali hilo, Mbiti aliorodhesha njeo za kitenzi cha Kikamba chenye maana ya "kuja". Alipata njeo tisa. Tatu zinahusu wakati ujao, moja inahusu tendo linaloendelea, na tano zilizobaki zinahusu wakati uliopita, kuanzia saa moja iliyopita hadi siku za *tene*, yaani kale isiyo na tarehe. Aliona kwamba zile tatu za wakati ujao hazifiki mbali: zinachukua kipindi cha miezi sita hivi, na kwa vyovyote hazizidi miaka miwili. Kutokana na hesabu hiyo akahitimisha kwamba wakati, kwa Mwafrika, ni mfululizo wa matukio. Tukio ambalo halijatokea, wala halina hakika ya kutokea karibuni, haliwezi kuhesabiwa kuwa sehemu ya wakati.

Aliepuka maneno ya Kiingereza kwa sababu yamebeba mawazo ya Kizungu, akachukua maneno mawili ya Kiswahili. *Sasa* ni kipindi anachokiishi mtu, pamoja na yaliyotokea karibuni na yanayokaribia kutokea. *Zamani* ni bahari kubwa ambamo sasa yote huishia. Aliyefariki huendelea kuwamo katika sasa maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina. Afapo wa mwisho aliyemjua, naye huzama katika zamani.

Hapana budi kumtendea haki mwandishi huyu. Hakusema kuwa sasa ni nukta. Alisema wazi kwamba sasa ina yaliyopita yake na yajayo yake. Pia aliwajibu wageni waliowaona Waafrika wameketi chini ya mti wakasema kuwa wanapoteza wakati. Alieleza kwamba watu hao huenda wanaungoja wakati, au wanautengeneza, kwa kuwa kwao wakati hutengenezwa na tendo. Maelezo hayo yana thamani kubwa kuliko hesabu ya njeo, na inasikitisha kwamba wengi wanaokitaja kitabu hiki hukumbuka hesabu wakayasahau maelezo.

3. Majina na Matukio

Upande wenye nguvu wa hoja hii ni ule wa matukio, na ushahidi wake umo katika majina ya watu. Katika Ukambani, mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Wambua. Wa asubuhi huitwa Kioko. Wa usiku, Mutuku. Na binti aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Wayua. Hapa siku ya kuzaliwa haitajwi kwa tarakimu. Inatajwa kwa hali iliyokuwepo, na hali hiyo humfuata mtu maisha yake yote. Jina hilo likirithiwa na mjukuu, mvua ya babu inaendelea kuitwa katika kinywa cha watu ambao hawakuiona. Hivyo ndivyo aliyekwisha kufa anavyobakizwa katika sasa, kama Mbiti alivyoeleza.

Majina ya njaa yana mafunzo zaidi. Njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19, iliyotokea wakati reli ya Uganda ikijengwa kupita nchi hiyo, inakumbukwa Ukambani kwa jina la *Ngomanisye*. Njaa nyingine, ya miaka ya 1980, iliitwa *Nikw'a ngwete*, yaani "ninakufa nikiwa nimeshika", kwa sababu watu walikuwa na fedha mkononi wala chakula cha kununua hakikuwepo. Msomaji aangalie sarufi ya jina hili. Tukio limekwisha kupita, lakini jina lake limeundwa kwa kitenzi cha wakati uliopo, na tena katika nafsi ya kwanza. Anayelitamka leo hasimulii kwamba watu fulani walikufa. Ulimi wake unasema "ninakufa". Kwa mujibu wa jedwali la Mbiti, tukio hili linapaswa kuwa safarini kuelekea zamani. Lugha imelizuia mlangoni.

Jina hilo lina kazi. Familia inayolikumbuka hulitaja inapoamua kama iuze mavuno yote au iweke akiba ghalani, kwa maana limeifundisha kwamba fedha hailiwi. Yaliyopita yameitwa katika sasa kwa ajili ya yajayo. Mtu asiye na dhana ya wakati ujao asingehitaji jina la namna hiyo.

4. Udhaifu wa Kuhesabu Njeo

Wahakiki wa awali walikwisha kuigusa kasoro hii. Byang Kato, mwaka 1975, aliipinga nadharia ya Mbiti kwa misingi ya theolojia. Kwame Gyekye, mwaka 1987, aliipinga kwa ushahidi wa Kiakan cha Ghana, akionyesha kuwa lugha hiyo ina neno *daakye* lenye maana ya wakati ujao, na kwamba haifai kulijumuisha bara zima kwa mifano ya lugha mbili za Kenya. Pingamizi hizo ni za haki. Hata hivyo zinaiachia nadharia nyumba yake: mtu anaweza kujibu kwamba Wakamba, angalau, wako hivyo. Inafaa, basi, kuuliza kama hesabu ya njeo ni ushahidi hata kwa Wakamba wenyewe.

Tuchukue Kiswahili kuwa kipimo. Kiswahili kina kiambishi kimoja cha wakati uliopita dhahiri, *-li-*. "Alikuja" hutumika kwa mtu aliyekuja asubuhi na kwa mtume aliyekuja karne kumi na nne zilizopita. Kama wingi wa njeo ni kipimo cha fikira, ingebidi kusema kwamba Mswahili hatofautishi asubuhi ya leo na zama za mitume. Hakuna anayeweza kuyakubali hayo, kwani Mswahili ana *leo*, *jana*, *juzi* na *kale*. Vivyo hivyo kwa upande wa mbele: kiambishi ni kimoja, *-ta-*, lakini msamiati una *kesho*, *kesho kutwa*, *mtondo* na *mtondogoo*, kisha *mwakani*. Lugha hugawa kazi baina ya sarufi na msamiati, na anayehesabu upande mmoja tu hupata nusu ya hesabu.

Kasoro ya pili ni kwamba njeo huonyesha umbali ambao msemaji hulazimika kuutaja, haionyeshi umbali anaoweza kuufikiri. Kikamba humlazimisha msemaji abainishe kama jambo lilitokea leo, jana au kabla ya jana. Hiyo ni kanuni ya ushuhuda: aliyeona anatakiwa aseme aliona lini. Yajayo hayana shahidi, hivyo si ajabu kwamba sarufi haikuyatolea vipimo vingi kama hivyo. Uchache wa njeo za wakati ujao unaweza kuwa ni uangalifu wa msemaji, wala usiwe umaskini wa fikira.

5. Sasa na Zamani katika Kiswahili

Inashangaza kwamba nadharia iliyopewa majina ya Kiswahili haikupimwa kwa Kiswahili. Neno *zamani* lina asili ya Kiarabu, na huko lina maana ya wakati tu, uwe uliopita au uliopo. Maana hiyo pana haijatoweka katika Kiswahili, kwani husemwa "zamani za ukoloni", na vilevile husemwa "zamani zetu hizi", yaani wakati huu tulio nao. Zamani ya Mbiti, iliyo bahari ya yaliyokwisha, ni tawi moja tu la neno hilo.

*Sasa* nayo haikai mahali pamoja. Msimulizi wa ngano husema, "Sasa Sungura akaona hana njia", na hapo *sasa* imekwenda kwa Sungura katika masimulizi ya kale. Aliye nyumbani bado anavaa viatu huwaambia wanaomngoja, "Nakuja sasa hivi", na hapo *sasa* imetangulia mbele. Vijana wa Kenya wameifanya salamu. Katika matumizi yote haya, *sasa* ni mahali ambapo tendo na umakini wa msemaji vinakutana, na mahali hapo hubebwa kwenda nyuma au mbele kama inavyohitajika.

Viambishi vya kitenzi vinaonyesha jambo hilo hilo. Wanaisimu hueleza kuwa *-ta-* kimetokana na kitenzi *taka*, na umbo kamili limesalia katika vitenzi vya rejeshi: "mvua itakayonyesha". Kwa hiyo wakati ujao wa Kiswahili, kwa asili yake, ni utashi ulio hai wakati wa kusema. Kiambishi *-na-* huhusishwa na *na* ya kuambatana: anayelima yuko pamoja na kulima.

Lakini kiambishi kilicho muhimu kuliko vyote kwa mjadala huu ni *-ja-*. Tofauti ya "mvua haikunyesha" na "mvua haijanyesha" inajulikana na kila mzawa wa lugha. Sentensi ya kwanza imefunga hesabu. Ya pili inaeleza hali iliyopo leo, mbingu kavu, na wakati huo huo inakataa kuifunga hesabu. Neno lake la jibu ni *bado*. Aulizwaye kama amevuna, akajibu "bado", ametaja sasa yake na ametaja yajayo kwa neno moja, bila kutumia kiambishi chochote cha wakati ujao. Orodha iliyojengwa juu ya njeo za "kuja" haina safu ya kuliwekea neno hili.

Methali nazo zinashuhudia. "Usiache mbachao kwa msala upitao" ni shauri la kukaa na kilichopo. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" inaielekeza tiba ya leo kwa mambo ambayo hayajafika. Na "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo" inatoa sababu ya adabu ya leo: jambo la kesho lipo tayari, linangoja. Mwenye methali hizi tatu hakuhitaji kuchagua baina ya sasa na kesho.

6. Shamba la Kibwezi

Katika nchi ya Kibwezi kuna majira mawili ya mvua. Moja ni la Machi hadi Mei, na jingine la Oktoba hadi Desemba, ambalo ndilo linalotegemewa zaidi na wakulima. Mvua hizo ni chache na hukatika upesi, hivyo siku za mwanzo zina thamani kubwa. Kwa sababu hiyo wakulima wengi wa Ukambani hupanda kavu: mbegu za mtama, kunde, ndengu au mahindi hufukiwa katika udongo mkavu kabla ya tone la kwanza, ili mvua ikianguka izikute mahali pake.

Tendo hilo ndilo uhakiki halisi wa nadharia. Anayepanda kavu yumo katika sasa kikamilifu. Jembe liko mkononi, jua liko kichwani, na shimo hili lazima lipate kina chake kabla ya kuhamia shimo linalofuata. Lakini kila pigo la jembe lina maana kwa ajili ya mvua ambayo haijanyesha. Mvua ikichelewa, mbegu huliwa na mchwa na ndege. Ikinyesha kidogo kisha ikakatika, mbegu humea na kukauka. Mkulima anayajua haya yote, na hayamzuii kuangalia shimo lililo mbele yake. Huo ndio ustadi ambao mafunzo ya siku hizi yanauita kuishi katika sasa, na haukupatikana kwa kuisahau kesho.

Mbaazi inatoa kipimo cha miezi. Mbaazi ya kienyeji, ile inayochelewa, hupandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka, ikapita kiangazi kifupi, ikapata mvua za Machi, na huvunwa baadaye katikati ya mwaka, wakati mwingine hata mwezi wa Agosti. Umbali huo umekwisha kuuvuka ule wa miezi sita. Mzinga wa nyuki, ambao ni kazi ya kale ya Wakamba, hutundikwa mtupu juu ya mti kungoja kundi ambalo halina miadi na mtu. Kwa matuta yaliyochimbwa na vikundi vya *mwethya*, na kwa miembe, Mbiti angeweza kujibu kwamba hayo yamekuja na serikali, shule na soko, kwani yeye mwenyewe alikubali kwamba elimu mpya inaurefusha wakati ujao wa Mwafrika. Jibu hilo haliwezi kutolewa kwa mbaazi na mzinga.

Jambo zito zaidi ni lile la mbegu. Kabla ya msimu, ndani ya nyumba kuna kibuyu au gunia la mbegu iliyochaguliwa, na njaa ikizidi, watoto huilalia karibu. Kuila ni kuishi leo, na kutoila ni kuishi mwakani; wala hakuna mwanafalsafa anayeweza kumwamulia mama mwenye nyumba. Ziko nyumba zilizokula mbegu, na hazistahili kulaumiwa kwamba hazikuijua kesho. Ziliijua sana, zikaiuza kwa ajili ya mtoto aliyekuwa akilia usiku ule. Nadharia inayosema kwamba watu hawa hawana wakati ujao huugeuza uamuzi huo mchungu kuwa tabia ya kuzaliwa. Hapo ndipo kosa la kuhesabu njeo linapotoka kitabuni na kuwafikia watu, kwani afisa anayeamini kwamba mkulima hana kesho hawezi kumuuliza mkulima huyo anakusudia nini.

Inafaa kukumbuka kwamba Augustino wa Hippo, aliyezaliwa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini mwaka 354, alieleza katika *Maungamo* yake kwamba ndani ya nafsi kuna sasa tatu: ya yaliyopita, ambayo ni kumbukumbu, ya yaliyopo, ambayo ni uangalifu, na ya yajayo, ambayo ni matarajio. Hakuna aliyesema kwamba Augustino hakuwa na dhana ya wakati ujao kwa sababu aliuweka ndani ya sasa. Heshima aliyopewa yeye inamstahili vilevile mpanda mbegu wa Kibwezi.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jina alilolichagua Mbiti lina kweli kubwa kuliko nadharia aliyoijenga juu yake. *Sasa*, kama inavyotumiwa na wasemaji wa Kiswahili na kama inavyoishiwa na wakulima wa Ukambani, ni pana. Inawahifadhi waliotajwa kwa majina, na inaubeba utashi wa yatakayokuwa. Kosa lilikuwa ni kudhani kwamba kilichomo ndani ya sasa hakipo.

Mambo mawili yanabaki kwa wataalamu. La kwanza ni la lugha: inapasa kukusanya kutoka kwa wazee wa Makueni na Kitui maneno na maumbo yote ya Kikamba yanayoeleza jambo lililotarajiwa lakini halijatukia, na kuyalinganisha na *-ja-* na *bado* za Kiswahili. Orodha ya kitenzi kimoja, iliyotungwa kwa swali la kitheolojia, haitoshi kubeba falsafa ya bara. La pili ni la ufundishaji. Kitabu cha Mbiti kingali kinasomwa vyuoni, na kinastahili kusomwa. Lakini mwanafunzi anayekisoma aelekezwe pia kwenye shamba lililopandwa kavu mwezi wa Oktoba, amuulize mwenye shamba kama mvua imenyesha, na alisikilize vizuri jibu atakalopewa.